Ndimi Mbili Ndani ya Mrija wa Kioo

Duka lenye king'ora cha wezi huwa na vipande viwili vya plastiki nyeupe mlangoni, kimoja kwenye fremu na kingine kwenye ubao wa mlango. Ndani ya kimoja mna sumaku. Ndani ya kingine mna mrija mwembamba wa kioo, na ndani ya mrija huo mna ndimi mbili za chuma zilizopishana kidogo ncha kwa ncha bila kugusana. Sumaku ikisogea karibu, ndimi zinavutana na kugusana, na umeme unapita. Mlango ukifunguliwa, sumaku inakwenda nao, ndimi zinaachana kwa mnyumbuko wao wenyewe, na king'ora kinapiga kelele. Hiyo ndiyo swichi ya sumaku. Haina betri wala chipu ya kuchoma moto kwa bahati mbaya.

Mrija huohuo umo kwenye mita za maji, kwenye vipimo vya mwendo vya baiskeli, kwenye vituo vya hali ya hewa na hata kwenye vifaa vya kurekebisha mapigo ya moyo. Tangu ulipobuniwa nchini Marekani mwaka 1936, umbo lake limebadilika kidogo sana. Kilichobadilika ni kile kilichofungwa upande wa pili wa nyaya zake: kwanza mitambo ya simu, kisha vihesabio, na hatimaye kompyuta ndogo zinazokusanya data usiku na mchana. Kila msikilizaji mpya alikuja na matatizo ambayo yule wa kabla yake hakuyajua.

Haja ya kuhesabu ilitangulia umeme. Mwaka 1662 Christopher Wren, ambaye baadaye alijenga Kanisa Kuu la Mtakatifu Paulo jijini London, alibuni kipima mvua chenye kidoo kinachojimwaga chenyewe kikijaa. Robert Hooke alilichukua wazo hilo akalitia ndani ya saa yake ya hali ya hewa, aliyoikamilisha mwaka 1679. Mtambo huo ulitoboa matundu kwenye ukanda wa karatasi kila robo saa, ukiandika mvua, upepo na joto bila mtu kusimama pembeni. Kwa hesabu yoyote ya haki, hicho kilikuwa kinasa data. Kilichokosekana ni njia ya kuitoa habari ya kidoo nje ya sanduku, iende mbali kuliko mkono wa chuma unavyoweza kufika.

Umeme ulileta njia hiyo. Mwaka 1853 Augustus Russell Pope wa Somerville, Massachusetts, alipata hataza ya kengele ya wezi: vipande vya chuma kwenye milango na madirisha viligusana pale mlango ulipofunguliwa, mkondo wa betri ukaitia nguvu sumakuumeme, na nyundo ikagonga kengele. Miaka minne baadaye Edwin Holmes alinunua haki za ubunifu huo, na mwaka 1859 akahamia New York kuifanyia biashara. Msikilizaji wa swichi za Pope alikuwa kengele tu. Ikilia mara moja au mara tano mfululizo, mwenye nyumba aliamka vilevile.

Tatizo la swichi hizo lilikuwa uchafu. Chuma kilichoachwa wazi hushika kutu na vumbi, na utando mwembamba usioonekana kwa jicho unatosha kuzuia mkondo mdogo. Kwa kengele moja nyumbani, kusugua kwa msasa mara moja kwa mwaka kulitosha. Kwenye simu mambo yalikuwa mengine. Almon Strowger, mzikaji wa Kansas City aliyeamini kwamba waunganishaji wa simu walikuwa wakiwapelekea washindani wake wateja, alipata hataza ya mtambo wa kuunganisha simu bila mtu mwaka 1891, na mwaka uliofuata mtambo wa kwanza wa aina hiyo ukafunguliwa La Porte, Indiana. Kufikia miaka ya 1930, miji mikubwa ilikuwa na majengo mazima ya rilei, yaani swichi zinazoendeshwa na sumakuumeme, na swichi nyingine zilizogongana mchana kutwa, kila moja ikiwa na sehemu za kugusana zilizo wazi hewani. Mafundi walitembea kati ya safu zake wakisafisha. Kontakti moja chafu ilimaanisha simu iliyokatika au sauti iliyokwaruza, na kuitafuta ilikuwa kazi ya saa nyingi.

Huko Petrograd, mwaka 1922, Profesa Kovalenkov alikuwa tayari ameeleza rilei ambayo vipande vyake vya kugusana vilikuwa vyenyewe sehemu ya njia ya sumaku. Wazo hilo halikuzaa bidhaa ya sokoni wakati ule. Mwaka 1936, katika maabara za Bell, tawi la utafiti la kampuni ya simu ya Marekani, Walter B. Ellwood alilichukua jambo hilo kutoka upande wa uchafu. Kama hewa ndiyo inayoharibu kontakti, basi kontakti ifungiwe mahali ambapo hewa ya nje haifiki. Na kama imefungiwa, hakuna kijiti wala kamba inayoweza kupenya kuisukuma. Lazima isukumwe na kitu kinachopita kwenye kioo bila kukitoboa. Sumaku inafanya hivyo. Ellwood aliomba hataza mwaka 1940, akaipata Desemba 1941.

Ukiutazama mrija huo karibu utaona jinsi kila sehemu ilivyochaguliwa kwa sababu. Ndimi ni aloi ya nikeli na chuma, nusu kwa nusu hivi. Aloi hiyo inavutwa na sumaku kwa urahisi na inaiacha sumaku kwa urahisi, na zaidi ya hapo hutanuka kwa joto karibu sawa na kioo kinachoizunguka. Bila sifa hiyo ya mwisho, mrija ungepasuka pale pale unapopoa kiwandani. Kioo kwa kawaida kina rangi ya kijani hafifu, kwa kuwa kimetiwa oksidi ya chuma ili kimeze mionzi ya infraredi; mionzi hiyo ndiyo inayoyeyusha ncha za mrija na kuziziba bila moto kugusa kitu. Ndani hujazwa naitrojeni, au huachwa ombwe kwa swichi za volti kubwa. Mahali ndimi zinapogusana hupakwa tabaka jembamba la madini ghali: dhahabu, rodiamu au rutheniamu. Swichi ya namna hii hujifunga katika muda wa nusu milisekunde hivi, na ikibebeshwa mkondo mdogo inaweza kufanya hivyo mamia ya mamilioni ya mara kabla ya kuchoka.

Kampuni ya Bell iliitumia swichi hiyo kwa namna ambayo Ellwood mwenyewe hakuianza. Mwaka 1960 watafiti wake walitangaza aina mpya ya rilei iliyozungushiwa kitu kinachobaki na usumaku hata umeme ukikatwa. Mpigo mmoja mfupi wa mkondo uliifunga, mwingine ukaifungua, na kati ya mipigo hiyo haikula umeme hata kidogo. Tarehe 30 Mei 1965, kituo cha simu cha Succasunna, New Jersey, kilianza kuhudumia wateja kwa mtambo wa 1ESS, uliokuwa na kompyuta ya kutoa amri na safu kwa safu za swichi za kioo za kupitisha sauti. Kwa mara ya kwanza, programu ya kompyuta ndiyo iliyoamua ndimi zipi ziguse na zipi ziachane.

Enzi hiyo haikudumu. Januari 1976 kampuni hiyohiyo iliwasha mtambo wa 4ESS huko Chicago, ambao uliigeuza sauti kuwa tarakimu na kuipanga kwa zamu kwenye njia moja. Hapo hapakuwa na kitu cha kugusana tena. Vituo vya simu vya tarakimu vilipoenea, swichi ya kioo ilipoteza mteja aliyeizaa. Lakini viwanda vilikwisha kujifunza kuitengeneza kwa wingi na kwa bei ya chini, na wateja wengine walikuwa wakisubiri: watengenezaji wa ving'ora, wa kibodi za kompyuta, wa mita, na wale waliokuwa bado wanakihesabu kidoo cha Wren.

Kidoo hicho kwa umbo la leo ni viwili vilivyounganishwa mgongo kwa mgongo juu ya ekseli, kama pembea ya watoto. Faneli lenye kipenyo cha sentimita 20 hukusanya mvua na kuidondosha kwenye kidoo kilicho juu. Maji yakifika mililita 6 na kidogo, sawa na milimita 0.2 za mvua, kidoo kinainama, kinamwaga, na mwenzake anachukua zamu. Sumaku ndogo iliyobandikwa katikati hupita mbele ya mrija wa kioo kila pembea inapoinama. Ndimi zinagusana kwa sehemu ya kumi ya sekunde hivi, kisha zinaachana. Mvua ya milimita 10 ni miinamo 50. Mvua kali ya milimita 100 kwa saa ni miinamo 500, mmoja kila sekunde 7.

Kuihesabu miinamo hiyo kwa kalamu ya umeme juu ya karatasi inayozunguka kulikuwa rahisi. Kuihesabu kwa kompyuta kulingoja kompyuta zipungue. Mwishoni mwa mwaka 1963 IBM ilitangaza mtambo wake wa 7700, uliotengenezwa mahsusi kukusanya data kutoka kwenye vyombo vingi kwa wakati mmoja. Ulikuwa mtambo wa maabara kubwa na mifuko mikubwa, haukuwa kitu cha kupeleka shambani. Mwaka 1974 kampuni ya Campbell Scientific ilianzishwa Logan, Utah, na vinasa data vyake vikaja kuwa vya kawaida kwa watafiti wa hali ya hewa na kilimo, kwa sababu viliweza kukaa porini kwa betri na kustahimili baridi na jua. Chombo cha namna hiyo kilikuwa na milango maalumu ya kuhesabu mipigo. Swichi ya sumaku ilifungwa hapo kwa nyaya mbili.

Nyaya mbili zinaonekana kazi ndogo, na hapo ndipo mafundi wapya wanaponaswa. Waya mmoja huenda upande wa hasi wa kifaa, mwingine kwenye mlango wa kuhesabia. Swichi ikijifunga, mlango unasomeka sifuri. Ikifunguka, je, mlango unasoma nini? Hausomi kitu. Umening'inia, na waya unaokwenda kwenye swichi umegeuka antena. Unaokota hezi 50 za nyaya za taa ukutani, unaokota injini ya pampu ikiwashwa, na hata mkono wa fundi ukisogea karibu hesabu inapanda wakati nje ni kiangazi. Dawa yake ni rezista moja, tuseme ya ohm 10,000, kutoka kwenye volti 5 za kifaa hadi kwenye mlango ule. Swichi ikiwa wazi, rezista inaushikilia mlango juu kwenye volti 5. Swichi ikijifunga, mlango unashuka hadi sifuri na ni nusu ya miliampea tu inayopita. Vinasa data vya kiwandani huja na rezista hiyo ndani. Bodi za Arduino, zilizoanzia Ivrea, Italia, mwaka 2005 na ambazo wanafunzi wengi wa uhandisi hujifunzia, nazo zinayo ndani ya chipu, ila lazima iwashwe kwa mstari mmoja wa programu. Mstari huo ukisahaulika, kituo cha hali ya hewa kinaandika gharika kwenye siku kavu.

Kosa la pili ni gumu zaidi kuligundua kwa sababu linatokea mvua ikinyesha kweli. Ndimi za chuma ni springi. Zikigongana, hazitulii mara moja. Zinadunda mara mbili tatu kabla ya kushikamana, yote hayo ndani ya milisekunde moja au chini ya hapo. Kengele ya Pope isingelitambua hilo. Kituo cha simu kiliweza kungoja kidogo kabla ya kuunganisha sauti. Kihesabio cha elektroni hakingoji. Kila mdundo kwake ni mwinamo mwingine wa kidoo, na mvua ya milimita 10 ambayo kila mwinamo wake umehesabiwa mara tatu itaandikwa milimita 30. Mkulima anayepanga maji ya umwagiliaji kwa hesabu hiyo ataiacha mimea na kiu.

Sehemu ya dawa ya kosa hilo ilitoka kwa ngisi. Otto Schmitt, mwanafunzi wa uzamili huko St. Louis, Marekani, alikuwa akichunguza jinsi mshipa wa fahamu wa ngisi unavyopitisha ishara, na mwaka 1934 akabuni saketi iliyoiga tabia yake: ishara ikipanda kuvuka kizingiti cha juu, saketi inabadilika, na hairudi hadi ishara ishuke chini ya kizingiti kingine kilicho chini zaidi. Kutetemeka katikati ya vizingiti viwili hakuisumbui. Alichapisha maelezo yake mwaka 1938, na leo saketi hiyo, inayobeba jina lake, imo kwenye milango ya kuingizia ishara ya chipu nyingi. Fundi akiongeza rezista na kapasita mbele yake, midundo ya milisekunde moja inalainishwa na kuwa mteremko mmoja, na saketi ya Schmitt inauhesabu mara moja. Wengine hulimaliza jambo hilo kwa programu: baada ya kuhesabu mwinamo mmoja, kifaa huziba masikio kwa muda mfupi, kwa kuwa kidoo hakiwezi kuinama tena upesi hivyo.

Kuna mtego wa tatu, na huu huiua swichi yenyewe. Kipima upepo juu ya mlingoti kinaweza kuwa mamia ya mita kutoka kwenye kinasa data. Kebo ndefu namna hiyo hubeba chaji, na kila ndimi zikigusana chaji yote humwagika kupitia ncha zake kwa kufumba na kufumbua. Cheche ndogo inaruka. Baada ya mamilioni ya cheche, rodiamu imechimbika na ndimi zinaanza kugandana. Ndiyo maana vipima upepo vingi vya swichi hufungwa na rezista ya ohm 100 karibu na swichi, yenye kazi ya kuipunguza kasi chaji hiyo tu. Anayeikuta wakati wa ukarabati na kuiondoa kwa kudhani haina faida huiona swichi ikiendelea kufanya kazi vizuri kwa miezi, kisha ikifa.

Mwelekeo wa sumaku nao una hila zake. Sumaku iliyolala sambamba na mrija na kupitishwa kwa urefu wake inaweza kuifunga swichi mara tatu katika mpito mmoja: mara moja katikati na mara moja kila upande, kwa jinsi uga wake unavyozifikia ndimi. Mwendesha baiskeli anayeona kipimo chake kikionesha kasi ambayo miguu yake haina, aanze kwa kuangalia sumaku ilivyobandikwa kwenye spoki. Ikiwa imewekwa sawasawa, kwa gurudumu la mzingo wa mita 2.1 na mwendo wa kilomita 25 kwa saa, ndimi hugusana zaidi kidogo ya mara 3 kwa sekunde.

Hospitalini, swichi hiyo imepewa amri nzito zaidi. Vifaa vingi vya kurekebisha mapigo ya moyo vimekuwa nayo ndani ya mwili wa mgonjwa. Daktari akiweka sumaku juu ya kifua, ndimi zinajifunga na kifaa kinaacha kusikiliza moyo na kuanza kupiga kwa mwendo wake maalumu, jambo linalosaidia kupima betri au kukilinda kifaa kisidanganywe na vyombo vya upasuaji. Hakuna ngozi iliyopasuliwa. Hoja ya Ellwood kuhusu kioo ilifaa pia kwa mwili.

Washindani wapo. Mwaka 1879 Edwin Hall, wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, aligundua kwamba sumaku huusukuma kando umeme unaopita kwenye bamba jembamba na kuacha volti ndogo ubavuni. Ilipita karibu karne moja kabla ya chipu kuufanya ugunduzi huo kuwa kitu cha kuuzwa, lakini tangu miaka ya mwisho ya 1960 vihisi vya Hall vimeingia kwenye kibodi, magari na kompyuta za mapajani. Havina kitu cha kudunda wala kioo cha kuvunjika mtu akiukunja waya karibu mno na mrija, kosa ambalo huharibu swichi nyingi kabla hazijafungwa popote.

Upande wa mvua, kidoo nacho kina udhaifu wake. Wakati pembea inainama, maji yanaendelea kuingia kwenye kidoo ambacho tayari kimejaa, na mvua inapokuwa kali upotevu huo unaongezeka. Majani yakiziba faneli, hesabu inasimama kabisa. TAHMO, mradi uliozaliwa kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Delft na Chuo Kikuu cha Jimbo la Oregon, ulijiwekea lengo la vituo 20,000 vya hali ya hewa kusini mwa Sahara, na vingi vya Kenya umeviweka kwenye viwanja vya shule. Umetumia vituo visivyo na kidoo, sumaku wala swichi: matone yanahesabiwa yanapogusa vipande viwili vya metali na kuupitisha umeme kati yake. Mtu wa kupanda kila mwezi kusafisha ekseli ni gharama ambayo mtandao mkubwa hivyo hauwezi kuibeba.

Hata hivyo kihisi cha Hall kinataka umeme muda wote kinaokesha, na swichi ya kioo haitaki. Kwenye mita ya maji inayotakiwa kuishi miaka kumi kwa betri moja ndogo, tofauti hiyo ndiyo inayoamua. Sumaku huzunguka na gurudumu la mita, swichi hugusa kila kiasi fulani cha maji kinapopita, na kinasa data hulala kati ya mpigo na mpigo. Watu wakagundua kwamba sumaku yenye nguvu ikibandikwa nje ya mita huzishika ndimi zisiachane, na maji yanapita bila kuhesabiwa. Watengenezaji wakajibu kwa kuongeza swichi ya pili ndani ya mita, isiyohesabu maji kamwe. Ile ya pili inakaa wazi mwaka mzima, na siku sumaku ya kigeni ikikaribia inajifunga, na kinasa data kinaandika tarehe na saa kwa ajili ya mkaguzi.